Ile Tatu ya Kwanza Ukutani

Kilichoninyima usingizi wiki ile hakikuwa ajira, ingawa ajira nayo ilikuwa imeninyima usingizi wiki nyingine zote. Kilikuwa kumi na saba. Nililala nikijiuliza: hivi mtu akileta kosa lake mwenyewe, kwa moyo mweupe kabisa, na watu wakakubaliana lichorwe ukutani kwa tarakimu kubwa, fundi anayelijua afanye nini? Achore? Aseme? Au aanguke kwenye ngazi avunjike mkono, ili achore mwingine? Hilo la tatu nililifikiria kwa muda mrefu kuliko yote. Nilifika hadi kuchagua mkono.

Wadogo zangu mnaomaliza chuo mwaka huu, nawaandikia kama mstaafu. Msicheke. Najua sijafika miaka thelathini na mvi sina, ila nimestaafu kihalali. Bi Zuhura, mama aliyenifundisha kuchora mabango katika kibanda chake pale Majengo, Dodoma, aliniaga kwa soda baridi na hotuba fupi mbele ya majirani: "Huyu tumemstaafisha kwa manufaa ya rangi." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa nikifikiria kama ile ilikuwa sifa au la, na bado nafikiria.

Nilifika kwake na shahada ya ualimu wa hisabati, nikisubiri majina ya ajira yatoke. Nilimwambia nitakaa kidogo tu. Nilikaa mpaka nikawa naota kwa herufi kubwa. Aliniita Profesa tangu siku ya kwanza, kwa sababu aliponipa brashi nilimuuliza kama kuna namna sahihi ya kuishika.

"Kuna namna moja tu," akasema. "Usiiangushe."

Nikaiangusha.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba herufi hazilingani. M hula nafasi ya watu wawili, I hula ya nusu mtu. Kwa hiyo kabla hujagusa rangi, unachora kwanza yote kwa chaki, kuanzia katikati kwenda pembeni, si kushoto kwenda kulia kama unaandika barua. Nilimsikia, nikaitikia, nikaandika kwenye simu. Kisha akaja kijana kutoka Chang'ombe anayefungua saluni, akaagiza bango liseme KINYOZI WA KIKE NA KIUME. Nililikodolea macho asubuhi nzima. Ni kinyozi ndiye wa kike na kiume, au ni wateja? Na kama ni kinyozi, ni watu wawili au mmoja? Nikaona nimwokoe kijana wa watu na utata. Nikaandika KINYOZI WA WANAWAKE NA WA WANAUME, kushoto kwenda kulia, bila chaki, kwa sababu akili yote ilikuwa kwenye sarufi. Ubao ukaisha.

Bi Zuhura alisimama nyuma yangu akasoma taratibu. "Wanau. Wanau ndio kina nani, Profesa?"

"Ni wanaume, Bi Zuhura. Waliobaki hawakuenea."

"Na hao waliobaki watanyolewa wapi?"

Halafu akaja yule mteja aliyeagiza kwa simu: MGAHAWA WA MAMA NENE. Nilijua tu kwamba nimesikia vibaya. Nani angejiita hivyo? Nikachora MAMA NEEMA, kwa herufi nzuri kweli, nyekundu zenye kivuli cha njano. Mwenyewe alipokuja kuchukua bango lake, mlango wetu ulijaa.

"Neema ni nani?"

"Nilidhani, mama, labda..."

"Unene huu nimeujenga kwa chakula cha mgahawa wangu. Hili ndilo tangazo lenyewe! Mteja akiona Neema, atajuaje kama napika?"

Alipoondoka, Bi Zuhura alinikalisha kwenye kopo la rangi na kunipa sheria ya kibanda, ambayo nawaachia na ninyi, maana ni ya kweli mara nyingi. "Mteja akikosea, kosa ni lake. Fundi akikosea, kosa ni letu. Fundi akimsahihisha mteja, kosa ni lako peke yako. Umeshamsahihisha kinyozi, umeshamsahihisha Mama Nene. Ya tatu, unarudisha brashi."

Nikaapa. Na nilitaka sana kubaki. Kibandani nilikuwa mtu wa kazi. Nyumbani Area D nilikuwa mtu wa kuulizwa, "Majina bado?"

Mengine nawapa kwa haraka. Dodoma, chora asubuhi. Upepo ukianza kuzunguka mchana, vumbi linashika kwenye rangi mbichi na bango linaota ndevu. Brashi ya rangi ya mafuta haioshwi kwa maji. Unaweza kuiosha mpaka jioni, utakachopata ni mikono myeusi. Na usipake rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta. Itaonekana imeshika. Baada ya muda kile ulichokificha kitaanza kuchungulia, kwanza kama kivuli, halafu kama jirani mbea. Hii ya mwisho ikumbukeni.

Na tatu. Tarakimu ya tatu ina matumbo mawili, na la chini lazima lizidi kidogo la juu. Ukiyalinganisha, tatu yako itaonekana inataka kuanguka kifudifudi. Nilijifunza hilo vizuri kwa sababu ya kazi ya Mwalimu Ndahani, iliyokuwa na tatu nane mfululizo.

Mwalimu Ndahani alikuwa anastaafu kweli, si kama mimi. Alikuwa amefundisha hisabati katika shule moja ya msingi pembeni mwa mji mpaka akawa anafundisha watoto wa wanafunzi wake. Mmoja wa wanafunzi hao wa zamani, Nhonya, muuza alizeti hapo hapo Majengo, ndiye aliyekuja kibandani kwa niaba ya wenzake.

"Tulitaka kumpa mbuzi," Nhonya akasema. "Kakataa. Tukasema suti. Kakataa. Anasema mbuzi ataliwa, suti itaota vumbi. Anataka ngazi yake ukutani, ile ya juu kabisa. Jumamosi kwenye sherehe ya kumuaga atasimama mbele yake, na sisi wote tutaitikia kama zamani."

"Ngazi gani?" Bi Zuhura akauliza.

Nhonya akajikohoza, akasimama wima katikati ya makopo kama mtoto wa darasa la tano. "Thelathini na moja? Tasa! Mia tatu thelathini na moja? Tasa! Elfu tatu mia tatu thelathini na moja? Tasa!" Akapanda hivyo hivyo, kila mara akiongeza tatu moja mbele, mpaka pumzi ikamwishia. Kijana wa duka la jirani akaitikia "Tasa!" kutoka upande wa pili. Naye alifundishwa na Mwalimu huyo huyo.

Kwa waliosahau: namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa namba yoyote bila kuacha baki, isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Saba ni tasa. Tisa si tasa, maana tatu inaigawa. Ngazi ya Mwalimu ni nzuri kwa sababu kila ukiongeza tatu mbele, inatoka tasa nyingine. Juu kabisa ukutani, Nhonya alisema, tuandike NAMBA TASA, na chini yake 333333331.

Tukaenda shuleni. Bi Zuhura akavuta uzi wa chaki, tukapiga mistari, nikachora kila kitu kwa chaki kuanzia katikati, kama nilivyofundishwa. Nikiwa juu ya ngazi, mama mmoja mwenye ndoo kichwani akasimama barabarani.

"Mbukwa!" akanisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hapo shuleni nani kawakosea, mpaka mnamwandika tasa ukutani watu wote waone?"

"Si mtu, mama. Ni namba."

"Namba inazaa?"

"Haizai. Ndiyo maana."

Akaitazama namba ile kwa huruma. "Na mna hakika? Maana hilo ni neno la kumuumiza mtu." Akaondoka na ndoo yake.

Mtu mwenye akili za kawaida angecheka akaendelea kuchora. Mimi nilibaki juu ya ngazi na brashi inadondosha rangi kwenye kiatu. Na mna hakika? Nilihesabu ngazi za Mwalimu: ya thelathini na moja ndiyo ya kwanza, hii ya ukutani ni ya nane. Chuoni tuliambiwa mpaka masikio yakachoka kwamba jambo likiwa kweli mara saba, hujathibitisha la nane. Nikajiambia nyamaza, chora. Nikachora NAMBA, nikairuka TASA. Nikachora tatu ya kwanza. Wakati wa tatu ya pili nikaanza kujaribu kichwani. Mbili, haiwezekani, inaishia na moja. Tatu, hapana. Tano, hapana. Saba ikakataa. Kumi na moja ikakataa. Kumi na tatu ikakataa. Nikafurahi, nikashuka kula.

Tatizo langu ni kwamba sijui kufurahi kwa muda mrefu. Baada ya kula, Bi Zuhura akiwa amejinyoosha kivulini, nilichukua chaki nikagawa kwa kumi na saba pembeni mwa ukuta, chini kabisa, karibu na nyasi. Baki sifuri. Nikafuta kwa kiwiko, nikagawa tena. Baki sifuri. Nikaenda steshenari iliyo karibu, nikamwomba dada wa pale nitumie kompyuta yake, na kompyuta haikunionea aibu: 333333331 ni kumi na saba mara 19607843. Hiyo ya pili yenyewe ni tasa. Basi vigawo tasa vya namba ya Mwalimu ni viwili, na kimoja ni kidogo hivyo, umri wa mtoto wa kidato cha tatu! Nikajaribu na ile ya chini yake, yenye tatu saba. Hiyo ni tasa kabisa. Ngazi ilikatika palepale Mwalimu alipochagua kusimama.

Nikamwamsha Bi Zuhura.

"Inagawanyika," nikasema.

"Nini?"

"Namba. Kwa kumi na saba."

Alinitazama kwa jicho moja. "Nhonya kaagiza tatu nane na moja. Hiyo kumi na saba kaagiza nani?"

"Hakuna, lakini si tasa! Jumamosi Mwalimu atasimama mbele ya wanafunzi wake wote, wa miaka yote, aseme tasa. Na watoto wataisoma kila siku wakienda chooni. Siku moja mtoto mmoja ataigawa, na Mwalimu hatakuwepo kujitetea."

"Mama Nene alikuwepo kujitetea. Ulimsikiliza?"

Hapo alinipata. Ndicho kilichokuwa kinaniuma. Mara mbili nilikuwa na hakika kwamba mteja kakosea, na mara zote mbili mkosaji nilikuwa mimi. Safari hii kompyuta ilikuwa upande wangu, lakini kompyuta haina brashi ya kurudisha.

Nikatafuta njia za pembeni. Nilipendekeza tuweke alama ndogo ya kuuliza baada ya TASA. Bi Zuhura akasema haikuagizwa. Nilipendekeza TASA tuichore kwa rangi hafifu sana, ya kufanana na ukuta. Akasema nikamwone daktari. Nikafikiria kufuta tatu moja kimyakimya, nani atahesabu? Nikakumbuka Nhonya akipanda ngazi ile kwa pumzi moja. Watahesabu wote. Nikarudi kwenye wazo la mkono.

Ijumaa asubuhi NAMBA ilikuwa imekauka, tarakimu zote tisa zimekauka, na TASA ilikuwa bado chaki. Nilikuwa nimeizunguka siku nzima ya jana yake nikinyoosha matumbo ya tatu zisizohitaji kunyooshwa. Mwalimu Ndahani akafika kwa baiskeli, shati limechomekewa, kalamu mbili mfukoni kana kwamba darasa linamsubiri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Tatu zako zina matumbo mazuri. Ila mbona tasa haijaiva?"

"Inakuja, Mwalimu," Bi Zuhura akasema kutoka chini, akisuuza brashi kwenye petroli. "Huyu fundi wangu anaipenda mno, anaiaga kwanza." Kisha akanitazama. Jicho lile lilikuwa pana kuliko brashi ya inchi nne.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilianza na heshima niliyonayo kwa walimu wote nchini, ikapitia umuhimu wa makosa katika historia ya hisabati, na mwisho, kwa upole sana, ingefika kwenye kumi na saba. Nilishuka ngazi na hotuba yote ikabaki juu. Nikatoa chaki mfukoni, nikampa.

"Mwalimu, naomba uigawe kwa kumi na saba."

Nilisikia brashi ya Bi Zuhura ikitumbukia kwenye kopo.

Mwalimu hakuuliza kwa nini. Mtu wa hesabu ukishampa chaki haulizi. Akainama penye nafasi chini ya namba, akaanza, mdomo ukicheza. "Thelathini na tatu, mara moja, baki kumi na sita. Shusha tatu. Mia sitini na tatu, mara tisa, baki kumi. Shusha." Alikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwake gizani, bila kugonga kitu. Katikati akafika kumi na tatu, haiingii, akaweka sifuri, akanitazama kidogo kama mtu aliyeona mwanga. Akashusha tena. Mia thelathini na tatu. Mia arobaini na tatu. Sabini na tatu, mara nne, baki tano. Akashusha ile moja ya mwisho.

"Hamsini na moja," akasema, na chaki ikasimama.

Kila aliyewahi kukariri jedwali la kumi na saba anajua kilichofuata, na hakuna aliyewahi kulikariri vizuri kuliko yeye. Akaandika tatu. Akaandika sifuri.

"Mwalimu, nisamehe, mimi sikutaka..."

"Nyamaza kidogo, binti. Nahakiki." Akazidisha kurudi juu, tarakimu kwa tarakimu. Ikarudi ile ile. Kisha akageukia ukuta, mgongo kwetu, na mabega yakaanza kutikisika.

Nikajua nimemliza mzee wa watu siku moja kabla ya sherehe yake. Nikatafuta leso, nikapata kitambaa chenye rangi. Nilikuwa nafikiria kama kumpa mzee kitambaa chenye rangi ni kumdharau zaidi au ni kumsaidia, ndipo alipogeuka. Alikuwa anacheka mpaka kalamu zinaruka mfukoni.

"Tumemsingizia! Miaka yote namwita tasa mbele ya watoto, kumbe ana mtoto, na mtoto mwenyewe ana kumi na saba!"

Bi Zuhura hakucheka. "Mwalimu, samahani sana. Huyu nilimkataza..."

"Usimgombeze. Afadhali nikosolewe Ijumaa na mmoja kuliko Jumamosi na uwanja mzima." Akajipangusa macho kwa mkono wenye chaki, akabaki na nyusi nyeupe. "Kwetu ng'ombe haitwi tasa mpaka ajaribiwe na dume la jirani. Zile saba za kwanza nilizijaribu kwa kila dume. Ile ya saba ilinimalizia likizo nzima, mke wangu akawa analima peke yake. Hii ya nane nilifika kumi na tatu, shule zikafunguliwa. Nikasema, aah, itafuata dada zake. Na dume lililokuwa linafuata zizini lilikuwa lipi?"

"Kumi na saba," nikasema.

"Hilohilo!"

Akarudi nyuma hatua kadhaa, akautazama ukuta kama mnunuzi mnadani. "Futeni tatu ya kwanza. Zikibaki saba, ni tasa, hiyo naiapia."

Sasa Bi Zuhura ndiye aliyeumia. "Ukitoa tatu moja mbele, namba yote inaegemea kulia! Tulipima kutoka katikati. Nimechora mabango tangu huyu hajazaliwa, sijawahi kuacha namba imeegemea kama mlevi. Labda tupake ukuta wote upya."

"Iache iegemee," Mwalimu akasema. "Mtoto akiuliza kwa nini imekaa upande, somo limeshaanza. Na kesho nitawauliza wote, kina Nhonya: ngazi ya nane, tasa? Waitikie kwa sauti. Halafu nitawapa chaki." Alikuwa tayari anaiona sura ya Nhonya. Akapanda baiskeli yake huku akicheka peke yake, nyusi nyeupe vilevile.

Tukabaki wawili na ukuta. Bi Zuhura alikunja mikono.

"Profesa. Hiyo ni ya tatu."

Kwa kitambo sikujua kama anasema tarakimu au makosa yangu. Nikaona ameshika kopo la rangi nyeupe na ananinyooshea brashi, si kuipokea.

"Maliza kazi kwanza," akasema. "Ndipo ustaafu."

Nilipanda. Rangi nyeupe tuliyokuwa nayo ilikuwa ya maji, na ile tatu ilikuwa ya mafuta, na nilijua kabisa kwamba itakuja kuchungulia. Siku nyingine ningekaa juu ya ngazi ile nikijiuliza kama tuahirishe, kama tutafute rangi nyingine. Nilichovya brashi, nikaanza na tumbo la chini, lile kubwa.